Nyumba Iliyokataa Kuvuka Chalbi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama katikati ya jangwa la Kaisut, mbele ya meza ya ofisi, na nyuma ya meza imeketi jeki. Jeki nyekundu ya tani tano, ileile ninayofanyia kazi kila siku. Imevaa tai.

Jeki ikaniuliza mpango wa safari uko wapi.

Nieleze kwanza safari yenyewe. Mama mkwe wangu ana mdogo wake aliyekwenda North Horr kuwa muuguzi, akaolewa hukohuko. Miaka kumi na tisa hawajaonana. Sasa huyo mdogo ni mgonjwa wa kitandani, na ametuma ujumbe mara mbili kwamba anamtaka dada yake. Mama naye ana nyonga mbovu, hawezi kuketi kwenye basi hata saa moja. Safari yake ni ya kulala.

Mimi ni fundi katika yadi moja hapa Nanyuki inayokodisha magari kwa watalii. Yadi hiyo ina gari lenye vitanda vinne, jiko na choo, kila kitu juu ya magurudumu sita. Tunaliita Nyumba. Mwajiri amenipa Nyumba kwa siku kumi kuanzia Jumamosi, kwa kuwa kiangazi hiki hakuna mtalii aliyelitaka. Mke wangu Nasambu naye amenipa kazi ya kupanga njia, vituo, mafuta na maji.

Wiki mbili nzima nimekuwa nikimwambia gari halijawa tayari. Liko tayari tangu siku ya pili.

Tatizo ni paa. Kwetu Wabukusu, mtu halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hampeani mikono, hamli mkitazamana, na hilo la kulala ni jambo ambalo hata mlevi hukumbuka kulikwepa. Ndiyo maana Mama akija pande hizi hufikia kwa shemeji yangu Nyahururu, hafikii kwangu. Mimi nilipiga hesabu ya mafuta, nikapiga ya maji, nikapiga ya magurudumu ya akiba, nikajaza daftari zima, ndipo nikakumbuka kwamba nyumba yenye magurudumu ni nyumba. Ina paa moja. Sikumwambia mtu. Ni rahisi kusingizia rejeta kuliko kumwambia mkeo kwamba mama yake hatafika kwa sababu yako.

Basi nikaipa jeki daftari. Ikafungua, ikasoma kila ukurasa ikinyooka na kupanda kidogo kila ilipofika chini, kisha ikagonga muhuri.

"Kilichoandikwa ndicho kitakachoendeshwa," ikasema. "Hatuongezi, hatupunguzi."

Nikaiambia sawa. Sikuona ubaya wake.

Ghafla tuko barabarani. Mimi niko kwenye usukani, Nasambu yuko kando yangu, na nyuma yetu kuna leso iliyotundikwa ili mimi na Mama tusionane. Mama amelala kitandani nyuma ya leso. Hasemi nami moja kwa moja, maana si desturi. Anaongea na birika, na birika ndiyo inayonifikishia.

Birika ikaniambia Mama anauliza tunaelekea wapi.

Nikasema Isiolo. Nikatazama nje, tuko Laisamis. Nilikuwa nimeandika vituo kadiri nilivyovikumbuka, nikidhani barabara itavipanga yenyewe. Haikuvipanga. Laisamis ikaja kwanza, kisha Isiolo, kisha Laisamis tena, kwa sababu niliiandika mara mbili. Watu walewale wakatusalimu upya na kutuuliza habari za huko tulikotoka. Nikawaambia tumetoka kwao. Wakauliza hawajambo huko.

Maji nayo. Nilikuwa nimeandika "maji lita mia nne" bila kuandika kwamba yawe kwenye tangi. Kwa hiyo yanatufuata kwa miguu. Ninayaona kwenye kioo cha pembeni, lita mia nne zimepanga mstari nyuma ya gari, zinatembea kwa upole. Pale Laisamis ya pili mbuzi wamekunywa lita thelathini na nyingine zimejificha nyuma ya duka. Nasambu anashuka na fimbo, anazirudisha. Anaporudi ananiambia, bila hasira, kwamba mwanamume aliyepanga safari hii angestahili kupangiwa safari na mtu kama yeye.

Tukafika Marsabit. Jua liko palepale utosini. Nikagundua kwamba katika daftari lote sikuandika usiku hata mmoja, na bila kuandikwa usiku hauji. Tukawa tunaendesha katika mchana mmoja mrefu, na kuku wa mlimani wameketi kando ya barabara macho wazi, wamechoka, hawajui waende wapi.

Jembe likabisha mlango. Likapiga hodi kama mtu mwenye adabu, tena mara tatu, likangoja. Nikafungua.

"Siku ya tatu," likasema.

Nikaliambia siku ya tatu vipi, na jua halijazama hata mara moja. Likasema jua si kazi yake. Kazi yake ni wageni, na mgeni hukaa siku mbili, ya tatu ni yake. Likanitazama kwa uso wa chuma. "Shuka, Baba Nelima. Usinipotezee muda."

Sijui lilijuaje jina la binti yangu.

Nikashuka. Nikaanza kulima palepale mbele ya gari, kwenye mawe meusi yaliyotapakaa hadi mwisho wa macho, mahali ambapo hata mbigili hujuta kuota. Nikalima mstari mmoja. Nilipoinua kichwa, mstari umekuwa barabara. Barabara ya kweli, yenye mitaro pande zote na kibao kinachoelekeza North Horr. Nilikuwa nimesahau kuiandika kwenye daftari, na jembe likanisaidia bila kuombwa. Nilipotaka kulishukuru lilikuwa limeshapanda bega la mgeni mwingine.

Birika ikasema Mama anauliza kama tumefika. Nasambu akajibu bado, lakini sasa kuna njia.

Tunateremka Chalbi.

Chalbi ni nyeupe. Ni chumvi tupu, bapa kama sinia. Na mbali kidogo, kama umbali wa uwanja wa mpira, kuna kitanda cha chuma kimewekwa juu ya chumvi. Mama Mdogo ameketi juu yake, amejifunika blanketi la miraba, anapunga mkono. Nyuma yake hakuna mji wala nyumba. North Horr yote imekuwa hicho kitanda.

Nyumba ikasimama.

Nikakanyaga mafuta. Injini inavuma vizuri, magurudumu yako sawa, lakini gari haliendi. Nikashuka, nikafungua boneti. Hapo Nyumba ikaongea. Ina sauti ya mwanamke wa makamo mwenye mafua.

"Umeacha nafasi tupu," ikasema. "Penye 'kulala' hukuandika kitu. Nani analala wapi?"

Nikajifanya sijasikia. Nikachunguza mkanda wa feni.

"Mimi ni nyumba," ikaendelea. "Nina heshima zangu. Mkwe na mama mkwe hawatalala chini yangu, nionekane mbele za magari mengine kama banda lisilo na mwenyewe. Afadhali nife hapa kwa kutu."

Meza ya ofisi iko kando yangu tena, na jeki iko nyuma yake. Tai imelowa jasho. Ikachovya kalamu na kuniuliza sababu ya kutoendelea na safari, niseme ya kuandikwa.

"Rejeta," nikasema.

Kitanda cha Mama Mdogo kikawa mbali. Hakikuburutwa wala hakikuruka, ila kilikuwa hapa na sasa kiko kilomita moja mbele. Bado anapunga mkono.

Jeki ikaandika. Ikauliza kama kuna sababu nyingine.

Nikasema springi za nyuma zimechoka. Kitanda kikasogea kilomita nyingine. Nikasema mafuta ya breki. Kikasogea. Mkono wa Mama Mdogo sasa unapungwa polepole, kama wa mtu anayemuaga mtu, si wa mtu anayemkaribisha.

Ndani, nyuma ya leso, Mama akauliza kuna nini. Birika, ambayo haina siri, ikamweleza yote: mkwe anasema rejeta, mkwe anasema springi, na kwa kila anachosema mdogo wako anazidi kwenda. Kisha birika ikanijia dirishani.

"Mama anasema rejeta ameisikiliza tangu Laisamis ya kwanza, haina neno. Springi amezilalia mwenyewe. Anauliza, mkwe ana nini?"

Nikamtazama Nasambu. Anatazama kitanda, kitone kidogo sasa kwenye weupe ule. Nadhani ningesema kioo cha pembeni, kitone kingezima.

Chumvi ilikuwa inaniunguza nyayo, maana viatu sikuviona vilipokwenda.

"Gari ni zima," nikasema. "Ni zima tangu siku ya pili. Naogopa kulala chini ya paa moja na Mama."

Jeki ikaacha kuandika. Zile lita mia tatu na kitu za maji zikasimama nyuma ya gari, hakuna hata moja iliyotikisika. Nikasubiri kitanda kipotee. Hakikupotea. Hakikusogea pia.

Birika ikarudi ndani. Nikasikia Mama akizungumza kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na katikati nikamsikia akicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyefichiwa kitu kilichokuwa mezani. Birika ikaja.

"Mama anasema nani alikwambia ulale chini ya paa. Anasema paa lina pande mbili."

Nikainua macho. Paa la Nyumba ni bapa, lina ngazi ya nyuma, na nimelipanda mara mia kuziba mivujo. Mara mia, na sikuwahi kuliwazia.

Nikaiuliza Nyumba inaonaje. Ikafikiri. Ikasema mtu aliye juu yake si mtu aliye ndani yake, na kwamba ndege hulala juu ya nyumba za watu kila siku bila kuvunja mila ya mtu. "Hapo sioni kosa," ikasema. "Ila usikanyage karibu na tundu la hewa."

Jeki ikaandika kwenye ile nafasi tupu, ikagonga muhuri. Tatizo likabaki la dereva, kwa kuwa dereva sasa yuko juu. Jeki ikamwita Nasambu, ikamgonga muhuri kwenye kiganja, ikamwambia hiyo ndiyo leseni. Nasambu akauliza gia ya kwanza iko upande gani. Akaambiwa. Akaketi, akaondoa gari kwa mruko mmoja uliotaka kunirusha, na kuanzia hapo akaendesha vizuri kunishinda.

Mimi nimelala chali juu ya bati. Jua halina huruma. Bati limeshika moto na mgongo wangu unaiva kama chapati, nami sithubutu kugeuka kwa sababu ya lile tundu la hewa. Kupitia tundu hilo namsikia Mama akiiambia birika kwamba huyu mkwe anakoroma na hata hajalala.

Nikainua kichwa. Kitanda kinakuja. Kila tukienda hatua moja, chenyewe kinakuja mbili.

Gari likasimama. Mlango ukafunguliwa. Kutoka juu sioni nyuso, naona vilemba tu. Kilemba cha buluu kinashuka, kimeshikwa na Nasambu, kinachechemea juu ya chumvi. Kilemba cheupe kimeketi kitandani. Cha buluu kinafika, kinasimama. Kisha cheupe kikasema, kwa sauti ya mtu aliyengoja sana na hataki ijulikane, "Umenenepa, dada."

Vilemba vikagusana.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nasambu alikuwa jikoni anaongea kwa simu na mama yake huko Nyahururu. Nilisikia tu ndiyo Mama, hapana Mama, nitamwambia. Nikaosha uso, nikaenda kuketi. Akaniwekea chai na kunitazama kama anayesoma kibao cha njia asichokielewa.

"Mama anasema Jumamosi uje na mkeka," akasema. "Anasema bati la juu linaunguza."

Nikamuuliza bati lipi.

"Hata mimi nimemuuliza. Akasema wewe unajua."

Nikanywa chai. Nilipoegemea kiti, mgongo ukawaka mpaka nikaketi wima. Nasambu akaja nyuma yangu, akainua shati. Kisha akapitisha kidole taratibu kwenye ngozi, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, iliyonyooka na kulingana kama mikunjo ya bati.

Nikamwambia gari liko tayari. Liko tayari tangu siku ya pili.

Akasema hilo alilijua tangu siku ya pili, akashusha shati na kwenda stoo kutafuta mkeka.