Bata wa Chome

Wanawake wengine huwaonea wivu wake wenza. Mimi nilimwonea wivu bata, tena bata wa kwenye televisheni. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Bata huyo aliletwa kwetu Msambweni ndani ya boksi na dada mmoja aitwaye Faith, mtaalamu wa tiba ya viungo. Faith ni mtu wa bara, mpole, kazi yake ni kuzunguka vijiji vya Kwale akiwafanyisha mazoezi watu walioumia. Alikuja kwa ajili ya mume wangu, Baba Kheri. Mume wangu alikuwa mkwezi wa minazi. Miaka minne iliyopita aliteleza juu kabisa, na tangu siku ile kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari na mwili wake. Mikono ndiyo iliyobaki. Kwa mikono hiyo hujisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi msikitini, na kwa mikono hiyo hujipandisha kitandani. Mengine yote ni yangu: kumwogesha, kumgeuza asipate vidonda, kumpaka miguu mafuta ya nazi kila jioni.

Faith alisimama katikati ya chumba akitafuta pahali penye mwanga, karibu na umeme, sakafu isiyoyumba. Penye sifa hizo palikuwa pahali pamoja tu, na palikuwa na cherehani yangu.

"Mama Kheri, tunaweza kusogeza hii?" akauliza.

Hii! Cherehani ya mkono aliyoniachia mama, ambayo kwayo huwapindia leso wanawake wa mtaa mzima. Nikaibeba mwenyewe hadi pembeni, karibu na mlango wa jikoni, ambako hata tundu la sindano silioni vizuri.

Mashine iliyotoka kwenye boksi ilikuwa na vishikio viwili, mfano wa pedali za baiskeli, ila hivi ni vya mikono, na kila kimoja huzunguka peke yake. Faith aliikaza mezani kwa skrubu, akapima vishikio vilingane na mabega ya Baba Kheri, akasogeza kiti mpaka kiwiko kisinyooke kabisa, akafunga breki. Kisha akaunganisha waya kwenye televisheni, na pale kwenye kioo akatokea bata mweupe katikati ya bwawa.

"Kishikio cha kulia ni mguu wa kulia wa bata, cha kushoto ni wa kushoto," akamweleza. "Ukizungusha sawasawa, anaenda mbele. Mkono mmoja ukilegea, anapinda. Anza polepole dakika mbili, usiende mbio mwili ukiwa baridi."

Baba Kheri akazungusha. Bata akapiga miguu, akaenda. Mume wangu akaitazama ile miguu ya njano, sikujua anawaza nini, nami sikuuliza.

Kabla ya kuondoka Faith aliniita kando. "Mashine inaweka rekodi ya kila mkono, na mimi nikiwa ofisini nasoma wastani wa siku kwenye simu yangu. Kwa hivyo asizungushe mtu mwingine, tafadhali. Hata mtoto."

"Hapana shida," nikamwambia. Mwanangu Kheri alitii. Mimi sikutii.

Mambo yangeishia kwa bata mmoja, tungekaa salama. Lakini mashine nyingine kama ile ilikuwa Kikoneni, kwa mwanamke aitwaye Kache, aliyegongwa na lori akitoka shambani. Faith aliwaunganisha kwa mtandao ili washindane na wazungumze wakishindana. Bata wa Kache alikuwa mwekundu. Siku ya kwanza tu, sauti yake ikatoka kwenye televisheni yangu, ndani ya nyumba yangu:

"Chome! Bata wako umemlisha nini, mbona mzito hivyo?"

Baba Kheri akacheka. Hakutabasamu, alicheka hasa, mabega yakamtikisika. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia kwa miaka minne, na sikukifurahia, kwa sababu hakikuwa changu.

Na halafu, Chome! Mimi nimeishi naye mwaka wa kumi na tatu huu na sijapata kulitamka jina lake. Kabla Kheri hajazaliwa nilikuwa nikimwita "wewe bwana", na tulielewana. Leo mwanamke wa Kikoneni, hata uso wake hatuujui, analitupa jina la mume wangu kama anaita mchuuzi wa samaki.

Akaanza kunyoa ndevu kila baada ya siku mbili. Nikamuuliza, "Kwani bata anakuona?" Akaniambia nimletee taulo.

Walishindana asubuhi, wakashindana baada ya adhuhuri. Mimi pembeni na cherehani yangu, mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto ukiongoza kitambaa. Kache akimaliza raundi, mume wangu humpongeza. Yeye akimaliza, Kache hupiga makofi. Nami nimezungusha mkono wa cherehani miaka kumi na miwili, nimepinda leso zisizo na idadi, wala hakuna siku hata moja niliyoambiwa hongera.

Hayo yote ningeyameza. Lililonikaba ni hili. Siku moja nilikuwa jikoni juu ya mbuzi nakuna nazi, nikamsikia akimwambia Kache kwa sauti ya chini, "Miguu yangu haina habari, lakini huniuma. Nyayo hasa. Wewe pia?"

"Mimi pia, ndugu yangu," Kache akajibu. "Watu hawaamini."

Nikaiacha mbuzi na nazi yake. Mimi niliyeishika miguu ile kila jioni, niliyezipaka nyayo zile mafuta nikidhani nampaka maiti, sikuambiwa. Aliambiwa bata.

Basi nikaamua kumshinda. Nilitaka Kache ashindwe vibaya mpaka aone haya, anyamaze, asimwite mume wangu tena. Baba Kheri akienda kuswali alasiri hukaa barazani na wenzake mpaka karibu na magharibi, na Kheri huwa chuoni akisoma Kurani. Nilivuta kigoda, nikavishika vishikio. Kioo kikawaka.

"Chome? Umerudi mapema leo," ikasema ile sauti.

Sikujibu. Nikazungusha kwa hasira zangu zote. Lakini mkono wangu wa kulia ni mkono wa cherehani, umejaa, na wa kushoto kazi yake ni kushika kitambaa tu. Bata akapiga mguu wa kulia kama mwenye wazimu, akapinda kushoto, akaingia kwenye majani. Nikamtoa, akapinda tena. Kache alicheka mwanzo, halafu akaacha.

"Chome, mbona wapotea kushoto? Mbona huneni?"

Nikazima. Kesho yake nikarudi. Siku tisa nilirudi, na siku zote tisa bata aliishia majanini.

Siku ya kumi, Alhamisi, Faith alikuja bila kutuarifu. Hakuketi. Alimpa Baba Kheri mikono yake miwili, akamwambia aibane, akatazama moja, akatazama nyingine.

"Hapa naona una nguvu, na hiyo ndiyo inanichanganya," akasema. "Kwenye rekodi, mkono wa kushoto umeshuka karibu nusu kwa siku tisa. Hata Kache amenipigia simu, ana wasiwasi. Mzee, unasikia ganzi? Unaangusha vitu?"

"Sidhani," akasema mume wangu. Kisha akasema, "Sijui."

Faith akaeleza taratibu kwamba jeraha la uti wa mgongo wakati mwingine hupanda juu, na likipanda, mikono huanza hivyo, nguvu zinakuja na kupotea. Akasema Jumamosi atakuja na gari ampeleke Mombasa akapigwe picha ya mgongo, na mpaka hapo asiguse mashine. Akaichomoa waya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na ulimi nilikuwa nao.

Mungu anisamehe, jioni ile nilifurahi. Nyumba ilikuwa kimya. Niliifunika mashine kwa leso kuukuu. Kwa mara ya kwanza mume wangu aliniomba nimsukume mimi kwenda msikitini, akiogopa kuuchosha mkono, nami nikamsukuma mbele za watu, wangu mwenyewe.

Ijumaa furaha ilianza kuniwasha. Alikuwa akikunja ngumi ya kushoto na kuikunjua, akikunja na kukunjua. Chai aliinywa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka mapajani kama kitu cha kuazima. Nilipokuwa nampaka miguu mafuta akaniuliza, "Mama Kheri, na mikono ikienda, utanilisha?"

"Nitakulisha," nikasema.

"Na kunitawadhisha?"

"Nitakutawadhisha."

"Basi heri ningefia palepale chini ya mnazi."

Ulimi nilikuwa nao bado. Nilishindwa kuufungua. Niliona nikisema, nitakuwa mwanamke aliyegombana na bata mtaa mzima ukijua, na mume wangu hatanitazama tena. Hayo niliyapima na mkono wake, usiku kucha, kana kwamba yana uzito mmoja.

Jumamosi Faith alikuja na gari. Alitaka rekodi moja ya mwisho kabla ya safari, akaifunua mashine, akachomeka waya. Baba Kheri akaufikia mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauinua, akauweka kwenye kishikio. Mkono mzima kabisa, aliubeba kama wa mtu mwingine. Na Kache akaita kutoka Kikoneni, sauti haina mzaha, "Chome, nimekuombea usiku. Nenda salama."

"Aliyekuwa akipotea kushoto si Chome," nikasema. "Ni mimi."

Jina lake lilinitoka mdomoni mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyelitilia maanani. Faith alinitazama kama sijui Kiswahili. Nikakisukuma kiti cha mume wangu nyuma, nikavuta kigoda, nikazungusha. Bata akapinda kushoto, moja kwa moja, akaingia majanini. Faith akamtazama bata, akautazama mkono wangu wa kulia, akageuka kuitazama cherehani pale pembeni gizani.

"Mama Kheri, nilikuambia," akasema, na sauti ilimtetemeka. Sikujua ni hasira au ni nafuu.

"Kumbe ni wewe," Kache akasema. "Mimi nilidhani amenikasirikia." Kisha akajitoa, bata mwekundu akapotea.

Mume wangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Siku mbili nimehesabu vidole vyangu kila nikiamka. Wewe ukinitazama." Hakuniuliza kwa nini. Safari ya Mombasa ikavunjika, Faith akarudisha gari, na mimi nikarudi pembeni kwangu.

Siku tatu alinijibu salamu tu. Alikwenda msikitini peke yake, akasukuma kwa mikono yote miwili. Mashine ilirudi kazini, bata wakashindana, na yeye hakucheka kwa sauti. Hilo nalo niliona ni kosa langu.

Jumanne baada ya adhuhuri, nikiwa na leso za bibi harusi za kupinda, nikasikia magurudumu yake yakija upande wangu. Akasimama karibu na cherehani, akaikagua kama kitu kilichofika jana.

"Umeizungusha hii miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Kwa mkono mmoja?"

"Mwingine ninaushikia kitambaa."

Akafunga breki. Akausogeza mkono wangu, akaushika yeye mkono wa cherehani, kwa kushoto kwake. "Basi shika kitambaa kwa miwili."

Akazungusha mbio, sindano ikakimbia, mshono ukaenda upande. Nikamwambia polepole, usiende mbio ukiwa baridi. Midomo ikamcheza kidogo. Akapunguza, tukaenda sawa, pindo likawa linanyooka mbele yangu kama halijapata kunyooka.

"Leo zinauma," akasema, macho yake kwenye sindano. "Nyayo."

"Zote mbili?"

"Ya kulia zaidi."

"Nitaanza na hiyo jioni."

Televisheni ikaita nyuma yetu. "Chome! Chome, upo?"

Moyo ukanichoma palepale pa zamani, sikudanganyi. Yeye hakugeuka. "Ngoja, Kache," akasema kwa sauti. "Niko kazini na mke wangu."

Pindo lilikuwa limekwisha. Sikumwambia. Nilivuta leso nyingine, nikaiweka chini ya sindano, naye akaendelea kuzungusha.