Pini ya Tano

Mtaa mzima ulimwita Vifungo, kwa kuwa hakuna shati lililowahi kutoka kwake likiwa na kifungo pungufu. Cherehani aliijua nje ndani. Jiko ndilo lililompiga chenga. Sasa tazama bahati ya mtu: mchumba aliyempata, fundi saa mpole asiye na makuu, mama yake alikuwa mwokaji mikate wa miaka thelathini. Na Jumapili hiyo mama huyo alikuwa anakuja na familia nzima kumwona mkwe wao kwa mara ya kwanza.

Mwenye akili zake angenunua biskuti akanyamaza. Vifungo aliapa kuoka shada la mkate la kuweka katikati ya meza, na ndani ya shada ajaze jibini ya mkono wake mwenyewe. Mchumba alimsihi aache, akaambiwa arudi kwenye saa zake.

Basi akakanda unga, ukaumuka vizuri. Akausuka mafungu matatu, akaunganisha ncha ukawa duara, akakata vijani vya unga kwa mkasi wa kushonea na kuvipanga juu. Mkate ulitoka kwenye oveni unang'aa hata yeye akaushangaa. Kwa jibini alichemsha maziwa, akayakamulia ndimu, na yalipokatika akayamimina kwenye kitambaa chembamba ili maji yachuruzike. Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mwingine angekifunga kitambaa kwa kamba. Yeye, mkono ukienda kwa mazoea, alikibana kwa pini tano, kama anayepima pindo la sketi.

Wageni walifika mapema. Alichomoa pini harakaharaka, akaipindulia jibini katikati ya shada na kukimbilia mlangoni. Baba mkwe alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo la kuyabeba. Wifi alikuja na binti yake wa miaka mitatu, ambaye kabla hajaketi alishauliza jibini iko wapi. Mama mkwe hakusema mengi. Aliomba aone jiko, na Vifungo akamwacha humo, akaenda kuazima viti kwa jirani.

Aliporudi, sinia lilikuwa limeshabebwa na mchumba hadi mezani. Mama mkwe alisimama peke yake jikoni, leso mdomoni. Akaanza, "Mwanangu, hebu njoo," lakini wifi akaingia kutafuta vikombe na neno likaishia hapo. Huko mezani mama alilivuta sinia karibu yake, akasema mtu asiliguse kwanza, wanywe chai. Mumewe alipolalamika, alimtazama tu.

Vifungo aliumia. Aliona mwokaji amegundua kasoro na anaona haya kuwalisha watu wake. Akarudi jikoni kujificha, na ili mikono isikae bure akaanza kuosha kile kitambaa na kukusanya pini zake.

Zilikuwa nne.

Alihesabu tena. Akapapasa ukosi wa gauni anapochomeka pini, akapitisha ulimi ndani ya mashavu, maana nyingine huzibana mdomoni, akapiga magoti na kupangusa sakafu kwa viganja. Nne. Pini ile ilikuwa kwenye jibini, na jibini ilikuwa mbele ya mtoto wa miaka mitatu.

Alijua vizuri kitakachompata akitamka. Baba mkwe angeisimulia hadithi hiyo kwenye kila harusi, na harusi yake mwenyewe huenda isiwepo. Angeweza kulidondosha sinia makusudi, akajidai amejikwaa. Wazo hilo lilimjia akalipenda kabisa. Kisha akasikia sauti ya baba mkwe sebuleni ikisema chai imetosha, lete kisu, na mtoto akicheka. Mficha uchi hazai, alijiambia, akatoka mbio.

Kisu cha baba mkwe kilikuwa kimeshagusa mkate, mkono wa mkewe ukimzuia.

"Msile," alisema. Sauti haikuwa yake. "Nilibana kitambaa kwa pini. Moja imebaki kwenye jibini. Nisameheni."

Wifi alimpakata mtoto akamkumbatia. Mchumba alitazama vidole vyake. Vifungo alisimama akingoja waanze kuinuka mmoja mmoja.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza, taratibu, "Zilikuwa ngapi?"

"Tano, mama. Nne ziko jikoni."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Akafungua mkoba, akatoa leso na kuikunjua mezani. Pini ilikuwa humo.

"Nilidokoa kidogo jikoni," alisema. "Tabia ya waokaji. Nilitaka nikwambie tukiwa wawili, usiaibike. Lakini sikujua zimebaki ngapi, ndiyo maana nimelilinda hili sinia kama askari."

Baba mkwe akafungua mdomo. Mkewe akamwambia aufunge, na kwamba habari hii haitoki humu ndani.

Vifungo alikuwa anaitazama leso. Palikuwa na doa la damu, bichi bado, na ndipo alipoona mdomo wa chini wa mama ulivyovimba. Machozi yakamtoka.

Mama mkwe akamega kipande cha mkate, akakipaka jibini, akakitia mdomoni kabla ya mtu yeyote. Akatafuna polepole, kwa upande mmoja, huku wote wakimwangalia.

"Chumvi imepungua," alisema. Kisha akamkatia mjukuu wake.