Maua ya Mchumba

Mama Shaka hakuanza na maua, alianza na maji. Alipiga magoti mbele ya duka, akainamia ndoo ya alizeti, akanusa, kisha akachomoa shina moja na kulitazama pale lilipokatwa. Ua huweza kukudanganya, maji yaliyolala hayawezi. Jina hilo la Shaka alipachikwa na wenzake wa kiwanda cha mashati, ambako kazi yake ilikuwa kukagua mishono, na kifungo kilicholegea hakijawahi kumpita. Nyumbani nako alikagua vivyo hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliumwa kweli: mumewe alitoka kwenda kununua balbu, binti yao akiwa bado anang'oka meno ya utotoni, na balbu hiyo haijafika mpaka leo.

Sasa binti huyo alikuwa anaolewa Jumamosi, na alikuwa amesema neno lililomnyima mama yake raha. "Mama, maua usihangaike nayo. Nitashughulika mwenyewe." Mtoto aliyemsumbua wiki nzima kwa rangi ya vitambaa vya meza, leo maua anayataka peke yake! Dalili ya mvua ni mawingu. Mama akavaa viatu, akaenda kwenye duka lililo karibu kabisa na ukumbi wa harusi.

"Yungiyungi huna?" aliuliza.

"Msimu wake umepita, mama," alisema muuza maua, mwanamke mnene mwenye mkasi uliofungwa kamba shingoni. "Nikikuletea sasa yatakuwa yametolewa kwenye baridi. Asubuhi yanacheka, mchana yameinamisha vichwa. Kipindi hiki chukua alizeti, uchanganye na asumini. Haya yamefunguka yenyewe kwa jua."

Mama Shaka akaguna. Kwa mfanyabiashara, msimu ni wa kile kilichojaa dukani kwake. "Harusi yenyewe ni Jumamosi, hapo ukumbini juu."

Muuza maua akaacha kukata majani. "Ya Jumamosi? Mbona mchumba alishapita hapa? Alikuja juzi na mwenzake, wakachagua kila kitu."

"Mwenzake?"

"Eeh. Mtu mzima, kampita umri mbali. Walikaa kwenye benchi hilo wakacheka weee, mara mchumba akaanza kulia, mwenzake akamfuta machozi kwa kiganja. Nikasema moyoni, hawa wanapendana."

Nyumbani kwa Mama Shaka neno mchumba lilikuwa na mwenyewe. Binti aliitwa bibi harusi tangu siku ya posa, na mchumba alikuwa ni yule kijana fundi wa mafriji, mpole kupita kiasi, anayeosha hata sahani ambayo hakulia chakula. Upole huo mama hakuwahi kuuamini. Kumbe kijana ana mwanamke mtu mzima wa kumfuta machozi, tena amethubutu kumleta achague maua ya harusi ya mwenzake! Yeye aliachwa gizani na mtoto mkononi, na aliapa mwanawe hatayaonja hayo. Afadhali harusi ivunjike leo.

Akampigia simu kwa sauti ya asali. "Mwanangu, njoo mara moja kwenye duka la maua. Nataka jicho lako."

Kijana akaja na mikono yenye grisi, akaamkia. Mama hakumtazama yeye, alimtazama muuza maua. Muuza maua akatabasamu kama kwa mteja yeyote. "Karibu, kaka."

"Ahaa! Unajifanya humjui?" Mama akamgeukia kijana. "Na wewe niambie hapa hapa. Yule mwanamke uliyekuja naye juzi ni nani?"

"Mwanamke gani, mama?"

"Mama, subiri," muuza maua akaingilia. "Huyu kaka ndiyo kwanza namwona. Mimi nimesema mchumba. Yule msichana mwenye mwanya."

Mwanya ule Mama Shaka aliuzaa mwenyewe. "Na huyo mwenzake?" lilimtoka kabla hajaufunga mdomo.

"Mwanamume. Mzee mzee hivi."

Hapo akatamani kuyarudisha maneno yote kinywani. Mkaguzi mzima alikuwa amechana shati zima kwa kuvuta uzi mmoja, na mwenye shati, yule kijana, amesimama anatazama. "Atakuwa mjomba wake," alisema haraka. Binti hakuwa na mjomba. Mama alizaliwa peke yake, na kijana alilijua hilo.

"Mcheshi huyo mzee," muuza maua aliendelea, akidhani anasaidia. "Kila ua kwake ni waridi. Namwonyesha alizeti, ananiambia, hili waridi limenona."

Duniani Mama Shaka alimjua mtu mmoja tu wa namna hiyo. Aliwahi kumchomekea ua la mboga nyuma ya sikio, akaliita waridi, naye kwa ujinga wa mapenzi akashinda nalo. Akajikalisha kwenye benchi.

Kijana akachuchumaa mbele yake. "Mama, mimi nilijua. Binti yako alimtafuta mwenyewe baba yake. Anataka tu baba awepo siku hiyo, hata akae nyuma."

"Wewe unajua, muuza maua anajua, ila mimi niliyemlea ndiye nisijue?" Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na wivu, na aliuona.

"Aliogopa. Alisema, nikimwambia Mama hataniuliza kama nimefurahi. Ataniuliza nina uhakika gani kama ndiye."

Lilimchoma, kwa sababu swali hilo hilo lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza, na lilishuka kwa shida.

Muuza maua akakohoa. "Samahani, mama. Ua la kifuani la mzee, nifunge nisifunge? Binti aliniambia nisubiri, hajui kama nyumbani watakubali."

Mama Shaka akachukua simu. Binti akapokea mara moja, akaanza kujieleza kabla hajaulizwa kitu, kama alivyozoea tangu utoto.

"Nyamaza kwanza," mama alisema. "Umefurahi?"

"Kufurahi nini, Mama?"

"Kumpata baba yako. Umefurahi?"

Kikasikika kilio, na katikati yake, ndiyo, Mama, ndiyo.

"Basi ua lake litafungwa," alisema Mama Shaka, naye sasa machozi yakimtoka. "Lakini nitambandikia mimi mwenyewe kifuani. Na umwambie pini nitaishika mimi."