Busaa ya Namukoba

Nabwile alikunja pua kabla hajashuka vizuri garini. Hapo Namukoba, nje kidogo ya Matisi, Kitale, Mukhwana, mtoto wa kaka yake, alikuwa amesimamisha "ukuta wa kale": matofali ya saruji yaliyopakwa rangi ya kinyesi cha ng'ombe, na rangi yenyewe bado mbichi. Kando yake watu walikuwa wakirarua nyama ya mbuzi, mafuta yakiwachuruzika mpaka viwikoni. Ukale gani huu unaochafua nguo?

Ukuta wa kweli uko Wamukoba, kule Kabuchai, udongo uliopandishwa na mababu kwa mikono, na handaki lake. Jamaa walipohamia Kitale kutafuta mashamba, walibeba jina la kwao kama ilivyo desturi, wakaligeuza kidogo likawa Namukoba. Jina tu. Sasa kamati ya urithi ilitaka kulinda mahali pamoja tu, na Mukhwana, kwa uroho wake wa watalii, aliapa kwamba mababu walipigana hapa. Ule wa Kabuchai ukikosa ulinzi, trekta ya miwa ingeusawazisha wiki hiyo hiyo.

Kilichobaki ni baraka ya senge, shangazi mkubwa wa ukoo, yaani Nabwile mwenyewe: ajaze busaa, pombe ya nafaka, mdomoni, aipulizie ukutani. Bila hiyo wazee wasingekubali. Mukhwana hakuwa na wasiwasi. Nabwile ndiye aliyemlea baada ya mamake kufariki. Angemwaibishaje mbele ya wageni?

"Senge, puliza tu, tafadhali," alinong'ona, midomo iking'aa mafuta. "Watu ni wale wale, bana. Si jina ni kama moja?"

Nabwile alimtazama, akachukizwa naye, akachukizwa na nafsi yake iliyomlea. Akapiga funda kubwa la busaa. Mashavu yakajaa. Wapiga picha wakasogea.

Akameza.

Mzee Khisa aliweka mfupa wake chini. Wengine wakafuata. Kila mtu wa ukoo alijua: senge akimeza baraka, amekataa, na hatakula tena chakula cha aliyemkatalia mpaka kufa.

"Kwani kumetokea nini?" aliuliza Jelimo, afisa wa kamati.

"Twende Kabuchai," Nabwile alisema, akijifuta mdomo. "Trekta haijafika."

"Na mimi, Senge?" Sauti ya Mukhwana ilikuwa ya kitoto kabisa.

"Wewe maliza mbuzi yako."

Akapanda gari la kamati bila kugeuka, machozi yakimtoka, uchachu wa busaa bado mdomoni.