Ukurasa wa Vifaa

Kila alfajiri saa kumi na moja, huko Debre Birhan, Ethiopia, ambako baridi haina adabu, Alganesh huwasha moto chini ya kikaango kikubwa cha udongo, na mama yake Yeshimebet, aliyezikwa miaka mitatu iliyopita, huingia kwa mlango wa nyuma kuja kukoroga rojo la injera, mikate mipana ya chachu. Hupangusa miguu kwanza. Udongo wa makaburini unanata, na yeye hajawahi kuwa mtu wa kuchafulia watu sakafu.

Siku za arobaini ya msiba, Alganesh alijaribu kukoroga mwenyewe. Injera zikatoka ngumu, bila tundu hata moja, na katika mji huu injera isiyo na matundu hainunuliwi, labda na mtu mwenye wageni asiowapenda. Siku ya arobaini na moja mama akarudi kazini. Majirani walisema ilikuwa lazima, maana chachu ni yake.

Mwaka huo ofisi ya biashara ndogondogo ilikuwa ikigawa mabanda ya bati sokoni, na banda halikutoka bila mpango wa biashara uliopigwa mhuri kabla ya Ijumaa. Mwenye nyumba alikuwa keshampa Alganesh mwezi mmoja ahame na moshi wake. Yeshimebet naye alikuwa na lake. Kwa miaka thelathini alifanya kazi za ndani kwa bibi mmoja mwenye nazo, akilala jikoni, bila karatasi yoyote.

"Jina langu liandikwe humo, mwanangu," alisema. "Lote. Sijawahi kuandikwa popote."

Alganesh akaahidi.

Karani wa ofisi, Bwana Dereje, alikuwa mtu mpole anayesoma kila mstari. Kwenye sehemu ya wafanyakazi alikuta jina la Yeshimebet na pembeni yake neno marehemu. Akauliza huja saa ngapi na likizo zake ni lini. Alganesh akaeleza kwamba huja kila siku isipokuwa tarehe ishirini na moja ya kila mwezi, siku ya Mariamu, anapokwenda kanisani. Dereje akaridhika. Aliwajua wazima wengi wasio na mahudhurio kama hayo.

"Shida ni mshahara, dada yangu. Unamlipa?"

"Hataki kusikia."

"Na alikofanya kazi alipokuwa hai?"

"Walimpa chakula, na nguo kila Pasaka."

"Basi hajawahi kuwa mfanyakazi," alisema Dereje kwa huruma. "Nikimwacha hapo watakurudishia karatasi zako. Lakini bila yeye hakuna biashara, hata mimi naliona hilo."

Akafungua ukurasa wa vifaa. Chini ya kikaango kimoja na ndoo tatu akaandika, kwa mwandiko mzuri: Kikorogeo kimoja. Kwenye safu ya uchakavu, panapotajwa kifaa kitadumu muda gani, akaandika miaka mitano. Alganesh alitaka kukataa. Akafikiria banda, akafikiria mwezi mmoja, akanyamaza, na kunyamaza huko kunamuuma mpaka leo. Mhuri ukapigwa.

Alfajiri iliyofuata mama alipangusa miguu, akaomba aonyeshwe. Hakujua kusoma. Alganesh akamwekea kidole kwenye mstari ule, akasema ndilo hilo.

Yeshimebet aliupima mstari kwa ncha ya kidole, mwanzo hadi mwisho.

"Langu lina maneno matatu," alisema. "Shemasi aliwahi kunichorea kwenye jivu. Haya ni mawili."

Alganesh alijifanya anachochea moto.

"Wamelikata," mama akasema. "Hata kule kwa bibi walilikata."

Akachukua mwiko, akakoroga. Injera za siku hiyo zilikuwa na matundu mazuri sana, zikaisha kabla ya saa tatu.

Huu ni mwaka wa tatu sokoni. Yeshimebet anakuja bado, ila akisimama mbele ya kikaango moto unaonekana kupitia mikono yake, sawasawa na ukurasa ulivyosema. Imebaki miaka miwili. Banda lina sakafu ya udongo mtupu, lakini kabla ya kuingia hupangusa miguu.