Salamu kwa Mgonjwa Wetu

Simuni, nyuma ya sauti ya kaka yangu, niliisikia sauti yangu mwenyewe. Yake ilikuwa inakatikakatika. Yangu ilikuwa changamfu, ndogo, kama inatoka ndani ya kopo. "Na sasa namsalimu baba yangu kule hospitali," ilikuwa inasema. "Baba, umeamkaje? Leo kula uji wote, usimsumbue kaka."

"Amekwenda," kaka akasema. "Sasa hivi tu. Amekwenda, mdogo wangu."

Maneno yale ya salamu nilikuwa nimeyasema kabla ya kuweka wimbo, na wimbo ulikuwa bado haujafika hata kwenye kiitikio. Redio yetu ilikuwa na desturi hiyo ilipopita kwenye intaneti: ilichelewa. Tulichosema studioni kiliwafikia walio mbali baada ya kama nusu dakika. Kwa hiyo salamu zangu zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia wodini, zinamtafuta mwenyewe kitandani.

Nilisimama pale, simu sikioni, nikajisikiliza nikimwambia marehemu ale uji.

*

Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa. Kuta tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi, dirishani tukakaza godoro kuukuu, na bado pikipiki ikipita chini wasikilizaji waliisikia kama iko mezani. Mawimbi yake yalifika mpaka kwenye kilima cha matangi ya maji, basi. Hakuna aliyelipwa. Funguo alikaa nazo Mama Cherehani, fundi nguo wa jengo la pili, ambaye alikuwa mkurugenzi, mhasibu na mfagiaji kwa pamoja. Jioni ilikuwa ya kinyozi na muziki wake. Asubuhi ilikuwa yangu: salamu, matangazo, nyimbo mbili tatu, tena matangazo.

Nilikuwa nimemaliza chuo na bado nilikuwa naamini mambo mengi. Niliamini, kwa mfano, kwamba mtu akisikia mtaa wake ukitajwa redioni kwa heshima, siku hiyo anatembea wima zaidi. Naamini hivyo hadi leo.

Baba hakuamini. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Maisha yake yote aliishi ndani ya kelele na cheche, na redio kwake ilikuwa kitu cha watu wasio na kazi.

"Umesoma mpaka macho yameingia ndani," aliniambia jioni moja akinawa mikono, "uje kutangaza mbuzi waliopotea? Na bure?"

"Si bure, baba. Najitolea."

"Kujitolea ni bure iliyovaa tai."

Mama alicheka hadi akaweka kisu chini. Mimi sikucheka. Nilinuna siku mbili, halafu nikarudi studioni kutangaza mbuzi.

Kifua cha baba kilipozidi kumsumbua, walimpeleka hospitali kubwa, mji wa mbali, safari ya siku nzima na zaidi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kukaa naye, akaenda kaka. Mama asingeweza safari ile. Presha yake ilikuwa ya kupanda kwa neno moja baya, na daktari alishatuonya. Nikabaki naye. Wakati huo nilikuwa nimeshaiunganisha redio yetu na intaneti, ili watoto wa mtaa walio kazini mbali wasikie kwao. Sikuwa nimemfikiria baba. Ni kaka aliyefungua matangazo kwenye simu yake asubuhi moja, akaiweka juu ya mto, karibu na sikio la mgonjwa. Mtu aliyeishi ndani ya kelele alikuwa amelala mahali pa kimya, hana la kufanya ila kunisikiliza.

Wiki ile ile akapiga simu studioni. Nilipokea hewani, bila kujua ni nani.

"Halo, naongea na nani?"

"Na baba yako. Yule mbuzi alipatikana?"

Mama Cherehani alikuwa mlangoni, akajiziba mdomo.

"Mbuzi gani, baba?"

"Wa juzi! Mweusi, mwenye kamba ya bluu. Unawatangaza halafu hutuambii mwisho wao?"

Kutoka siku hiyo akawa anapiga kila alipopata pumzi. Nikamwomba apunguze sauti ya simu ya kaka, iliyoendelea kunitangaza pale mtoni huku yeye akipiga kwa yake, kwa sababu alijisikia mara mbili na kupotea njia: alinijibu, halafu akasikia swali langu la nyuma likija tena, akalijibu upya kwa hasira kidogo.

"Baba, punguza hiyo sauti."

"Sipunguzi! Miaka yote hii sijawahi kujisikia redioni, leo ndiyo nipunguze?"

Akawa anasema jambo lake, kisha ananyamaza kulisubiri lizunguke limrudie. Huku studioni kulikuwa kimya, mtaa mzima kimya, hadi tusikie kicheko chake: "Huyo ni mimi! Umesikia? Huyo ni mimi!" Kicheko kilimalizikia kwenye kikohozi, nami niliweka wimbo upesi watu wasikisikie. Sokoni walianza kuniita binti wa Huyo-ni-Mimi. Na mama, ambaye hakuwahi kuambiwa neno tamu mbele za watu, alisalimiwa na mume wake redioni kila alipopiga. Alikuwa akifunga mlango kwanza ndipo asikilize.

*

"Uko hewani?" kaka aliniuliza asubuhi ile. Alikuwa ameanza kujikaza. Nilimsikia akivuta pumzi kupitia meno.

"Wimbo unaenda."

"Mama yuko na nani?"

"Peke yake."

"Redio?"

Hakuhitaji jibu. Redio ya mama ilikuwa juu ya kabati la vyombo, na wakati wa kipindi changu haikuwahi kuzimwa. Yeye alinipata papo hapo, neno kwa neno, bila kuchelewa. Pumzi yangu ikikatika mle chumbani, ingekatikia jikoni kwake.

"Shangazi nimeshampigia," kaka akasema. "Ameanza safari, anatoka ng'ambo ya soko. Mpaka afike, mama asijue. Asijulie redioni, akiwa peke yake. Umenielewa? Usilie hewani. Ukilia tutazika wawili."

"Nimekuelewa."

"Jikaze, mdogo wangu."

Akakata. Shangazi ni dada wa baba, wamefuatana kuzaliwa. Alikuwa ametoka kuambiwa kaka yake amekufa, na kabla hajapata muda wa kukaa chini alikuwa ametumwa kukimbia. Nilimfikiria yeye, nikarudi kwenye kiti.

Mama Cherehani aliusoma uso wangu. Akaja mpaka kwenye kiti, akanishika bega. "Toka, mwanangu. Nikae mimi."

Nikatikisa kichwa. "Akisikia si mimi, atajua."

Akaelewa. Hakubishana. Alikwenda akasimama dirishani, akaegemeza paji la uso kwenye godoro, nami nikaona mgongo wake ukitetemeka bila sauti hata kidogo.

Wimbo uliisha. Nikafungua kipaza sauti.

Nilisoma kwamba maji yatakatika upande wa shule hadi kesho. Nilisoma kwamba kuna kitambulisho kimeokotwa karibu na kituo cha mafuta na mwenyewe aje studioni. Nilisoma habari za chanjo ya watoto, na nikakumbusha, kama kawaida, kwamba kadi zisisahauliwe. Nilikuwa nimeyabana mapaja yangu kwa kucha. Sauti ilitoka tu, imenyooka, nikaishangaa kama ya mtu mwingine. Kila tangazo nilijiambia: sasa shangazi anapita sokoni. Sasa yuko kwenye daraja la miguu. Sasa anakata kona ya mashine ya kusaga.

Kisha wakaanza kutuma salamu. Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio mmoja baada ya mwingine, kutoka mtaani na kutoka kwa walio mbali, nami nikausoma kwa mpangilio. Wa nne ulitoka kwa vijana wa karakana ya baba. Niliuona wote kwa jicho moja kabla ya kufungua mdomo. Kuuruka nisingeweza. Waliutuma kila asubuhi, na mama aliungoja.

"Salamu kwa mgonjwa wetu," nikasoma, "mzee wa cheche. Tunakusubiri urudi utugombeze. Geti la shule tumelimaliza, lakini bawaba moja inalia, na hakuna anayejua kuinyamazisha ila wewe. Ugua pole, mzee."

Nikapumua. "Ujumbe umefika, vijana," nikasema. "Ahsanteni sana."

Nikaweka wimbo wa mwisho. Nikazima kipaza sauti, nikauma mkono wangu.

*

Nyumbani nilikwenda kwa miguu, nusu nakimbia, nikitegemea kusikia kilio kuanzia kona. Hakikuwapo. Nikadhani shangazi hajafika, nikadhani kazi ya kusema imeniangukia mimi. Lakini viti vyote vya nyumba vilikuwa vimeshatolewa nje na kupangwa ukutani. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Jiko lilikuwa limezimwa na sufuria ya maharage imeteremshwa kabla hayajaiva.

Walikuwa wamekaa ndani, mkekani, mama na shangazi, bega kwa bega. Shangazi ndiye aliyekuwa analia, polepole. Mama alikuwa amemshika mkono.

Nikapiga magoti. "Mama," nikasema, na hapo sauti yote niliyokuwa nimeibana ikaniishia.

"Najua, mwanangu."

"Shangazi amekuambia."

"Shangazi yako alinikuta napanga viti." Alinipangusa uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama alivyonipangusa nilipokuwa mdogo. "Siku zote unasoma kama unanisimulia mimi. Unameza maneno, unacheka mahali pasipochekesha. Leo hukukosea hata neno. Ulisoma salamu za baba yako kama mtu wa redio."

Nilikuwa nimejivunia sauti ile njia nzima.

Ni shangazi aliyenieleza mengine, siku nyingi baadaye, watu wakiwa wameshatawanyika. Alisema aliingia pale nikiwa bado hewani, amejiandaa njia nzima kwa maneno ya kuanzia. Mama alikuwa ameshika kiti, anakipeleka nje. Alimtazama shangazi usoni, akakiweka chini, akainua kidole: subiri. Mimi nilikuwa nasoma habari za kadi za chanjo.

"Mwache amalize," mama alimwambia. "Akijua tunajua, hatamaliza."

Wakakaa juu ya mkeka, mjane na dada wa marehemu, wakanisikiliza mpaka wimbo wa mwisho.