Jino la Kerstin

Kerstin hakuwahi kukaa na bendi moja kwa muda mrefu. Kwao Uswidi wapenzi wa jazi walimjua: akipuliza saksofoni ukumbi ulinyamaza, akishuka jukwaani tayari anawaza pa kuhamia. Alipoolewa na Mulinge, mpiga besi aliyekutana naye Stockholm, wakaja kuishi Nunguni kwao Mulinge. Hata hivyo kila baada ya miezi michache alirudi Ulaya kupiga shoo.

Safari hii, siku chache kabla ya kuondoka, akitoka sokoni, bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye matope ikamwangusha. Mifupa ilisalimika, ila jino la mbele la juu liling'oka. Na mpuliza saksofoni huegemeza ala yake kwenye meno hayo hayo.

“Nitakuwekea la bandia,” daktari alisema, “lakini usipulize mpaka fizi ipone.”

“Nina shoo Stockholm.”

“Basi wangoje.”

Hawakungoja. Nafasi yake akapewa mwingine.

Kerstin akawa hashikiki. Alipanda na kushuka matuta ya shamba bila kazi, akasugua vyombo vilivyokwisha oshwa, mpaka Kaluki, dadake Mulinge, akampokonya sufuria.

“Wifi, utaitoboa! Hebu niambie, ukiwa Stockholm huwa unatulia?”

“Hapana.”

“Na hapa?”

“Hapa pia hapana.”

“Sasa mbona unalaumu jino?”

Kerstin alitoka akabamiza mlango.

Jino jipya lilipokaa sawa, alipuliza. Hewa ilivuja pembeni, sauti ikatoka na mkwaruzo.

“Imebadilika,” Mulinge alisema. Hakutaka kumdanganya mkewe.

Kerstin alijirekodi, akamtumia kiongozi wa bendi kule Stockholm. Jibu lilikuja kwa upole: sauti ile haingewafaa tena. Alilia mpaka macho yakavimba.

Jumamosi Mulinge alikuwa akipiga besi kwenye harusi kule mjini Kabati, pamoja na bendi ya binamu yake Musyoka. Kerstin akabeba saksofoni akamfuata. Magitaa yalikwenda mbio. Yeye akavuta sauti ndefu za jazi, akaachwa nyuma. Musyoka akamsogelea, vidole vikiwa bado kwenye nyuzi.

“Mama, fupisha! Gitaa likiita, wewe itikia tu.”

Uso ulimwiva kwa aibu. Hakuna aliyewahi kumwelekeza hadharani. Lakini akafupisha. Akaitikia mara moja, akaitikia tena, na ule mkwaruzo ukaingia katikati ya magitaa barabara. Wanawake wakaacha sahani zao, wakaja kucheza.

Walipokuwa wakikunja nyaya, Musyoka alimwambia, “Wiki ijayo tuko Mutomo. Utakuja?”

“Nitakuja,” Kerstin alijibu, bado anahema. “Na baada ya Mutomo, tunaenda wapi?”